Tangi la Mama Mkwe

Ukitaka kujua jinsi watu wa Ruiru wanavyomwamini Mungu, simama kando ya Thika Road Jumamosi asubuhi utazame paa za magari. Utaona godoro limelazwa juu ya gari dogo bila kamba wala uzi. Dereva ametoa mkono wa kulia dirishani akalishika pembeni, mkewe naye ametoa wa kushoto upande wake, na hivyo ndivyo wanavyohama nyumba, wakipiga soga kama watu waliotumwa mkate. Mkono wa mtu ushindane na upepo wa Thika Road, na bado wanaamini mkono utashinda.

Zacharia alikuwa akiwaona watu wa namna hiyo anasonya. Kazi yake ilikuwa mizigo. Duka moja la vifaa vya ujenzi pale Ruiru mjini lilimpa mabati, mabomba na matangi ya maji awapelekee wateja, na juu ya gari lake, Probox nyeupe, palikuwa na keria ya chuma iliyochomelewa na fundi wa Kiuu aliyeijua kazi yake. Mzigo aliouogopa kuliko yote ni tangi tupu la plastiki. Watu huliona jepesi, mtu mmoja huweza kulibeba begani, basi hudhani halihitaji kufungwa sana. Uzito si kitu hapo. Shida ya tangi ni kwamba ni kubwa na ndani yake hamna kitu, na upepo ukishaingia chini yake, hulinyanyua kama sahani ya karatasi.

Kwa hiyo yeye hulilaza kwa ubavu, akaliwekea vipande vya tairi kuukuu huku na huku lisibiringike, akalipitishia mikanda miwili ya kukaza, ile yenye chuma cha kubana, kisha akashusha kamba mbele mpaka chini ya bampa. Akimaliza hulisukuma kwa bega. Gari likitikisika pamoja na tangi, ameridhika. Likitikisika tangi peke yake, anafungua na kuanza upya. Hayo yote aliyafanya asubuhi ile ya ruracio ya mdogo wake, siku ya kupeleka mahari, tena kwa uangalifu kuliko siku nyingine, maana tangi lilikuwa la mama mkwe.

Mdogo wake, Githae, alikuwa anamlipia mahari Mumbi, binti wa watu wa Landless, kule Thika. Ukienda kwa wakwe siku hizi hupeleka blanketi, unga, sukari na kreti za soda, lakini usipopeleka tangi la maji kwa mama wa msichana, hata ungepeleka ng'ombe watatu, akina mama watakutazama tu. Baba yao alikuwa amefariki zamani. Msemaji wa ukoo siku hiyo alikuwa mdogo wa baba yao, Njau, na mambo ya wanawake yote yalikuwa mikononi mwa mama yao, Magdalene.

Na Magdalene alikuwa ameingoja siku hiyo mpaka akaota mvi. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amesindikiza watoto wa wenzake, amebeba sukari ya wenzake, ameimba kwenye malango ya watu mpaka sauti ikakauka. Zacharia, mtoto wake wa kwanza, ndiye angepaswa kumpa ruracio ya kwanza. Lakini Zacharia alioa kimyakimya. Mke aliingia jioni moja na begi lake, kesho yake akaonekana anaanika nguo, na mambo yakaishia hapo. Magdalene hakuwahi kumgombeza kwa hilo. Alilinyamazia tu, na Zacharia alikuwa akikisikia kimya hicho kila walipokwenda kwenye sherehe ya mtu.

"Na mbona umeilaza hivyo?" mama yake aliuliza asubuhi ile, ameshika kiuno, anatazama juu ya gari. "Kama mtu ameaga."

"Ndio isianguke, mami."

"Si ungeisimamisha ionekane?"

"Ikisimama itashika upepo."

"Haya. Wewe ndio dereva," Magdalene akasema, na kwa sauti ile Zacharia alijua maneno hayajaisha.

Msafara uliondoka nyumbani Kiuu magari yakifuatana, ukapatana kusimama Juja kwenye kituo cha petroli. Hapo ndipo wangengojana, akina mama wajifunge leso za sare, wapange nyimbo, ili waingie Landless kama watu wamoja, si kama watu waliookotwa njiani. Kabla hawajakusanyika, Njau alipiga simu kwamba gari lake limepata pancha huku nyuma, upande wa kuingilia Juja. Zacharia akarudi na Githae kwenye gari la Githae, akaliacha lake pale pampuni, mzigo umefungwa na milango wazi ili akina mama wapate leso zao ndani.

Aliporudi, mikono myeusi kwa uchafu wa gurudumu, tangi lilikuwa limesimama.

Lilikuwa limesimama wima juu ya gari, limevishwa leso za rangi ya machungwa kutoka kichwani hadi miguuni, na kwenye kifuniko akina mama walikuwa wamechomeka maua ya karatasi na utepe mweupe. Lilipendeza, huo ndio ukweli. Mama yake alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda, anamalizia fundo kwenye chuma cha keria, na wenzake wanapiga vigelegele. Becky, dada yao wa mwisho, alikuwa anachukua video kwa simu. Zacharia akafungua buti. Mikanda yake na ile kamba ya mbele vilikuwa vimekunjwa vizuri kama nguo zilizopigwa pasi, vikawekwa juu ya unga.

"Mami, nani amefungua mikanda?"

"Ni mimi. Ilikuwa inakata leso hapa katikati. Na iko na grisi, itachafua."

"Hii haiwezi fika Landless hivi."

"Mbona isifike? Nimefunga. Vuta uone."

Zacharia akavuta. Mafundo yalikuwa mazuri, hilo hakuweza kulikana. Leso tatu zilikuwa zimelizunguka tangi, ncha zake zimefungwa kwenye keria kila upande, na hakuna iliyolegea.

"Mafundo ni sawa. Lakini ni nguo, mami. Hii ni nguo tu."

Magdalene akageuka pale juu ya kreti akawatazama wenzake. "Skizeni huyu. Nilimbeba na leso kutoka Kiuu mpaka Murang'a, kwa miguu na kwa gari, mvua na jua. Zacha, nilikuangusha?"

Wanawake wakacheka, hata Zacharia akacheka. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwa amembeba mtoto mgongoni kwa leso, akalima naye, akapanda naye gari, akachota naye maji, na leso haikuwahi kumwaibisha. Ungewaambia nini? Ungewaambia mtoto hushikwa pia na mgongo wa mama yake, na kwamba mama hakimbii kama gari? Zacharia alitafuta maneno ya kusema hivyo bila kuwa mtu mzima anayemfundisha mama yake kufunga leso mbele ya watu, akayakosa. Akachukua mkanda mmoja kutoka kwenye buti.

"Wacha niweke huu mmoja tu, juu yake. Tukikaribia nitautoa."

Magdalene akashuka kutoka kwenye kreti. Akaja karibu naye kabisa, akashusha sauti wenzake wasimsikie.

"Zacha. Yako hukunipea. Na hii pia unataka kuniharibia?"

Zacharia akaurudisha mkanda kwenye buti.

Alisema basi ataendesha polepole, tena nyuma ya wote. Njau akakataa. Gari lenye zawadi huenda mbele, akasema, na wakwe wamepiga simu tena, hema limejaa, watu wa Landless wanaanza kununa. Kwa hiyo Zacharia akatangulia. Mama yake aliketi kando yake, Becky na shangazi mmoja nyuma pamoja na mablanketi, wote wanaimba. Mwanzoni alikwenda mwendo wa mtu anayefuata jeneza, na malori yakampita yakimpigia honi. Halafu Njau naye, nyuma yake, akaanza kumulika taa. Akamulika tena. Zacharia akakanyaga mafuta.

Ncha za leso zilikuwa zinapigapiga paa juu ya kichwa chake. Alizisikia chini ya nyimbo, na muda wote aliokuwa akiendesha mkono mmoja ulikuwa ukitaka kutoka nje ya dirisha uliguse tangi, kama wale wapumbavu wa magodoro. Aliona haya akauzuia. Walipokaribia Witeithie, basi kubwa lilimpita kwa kasi, gari likayumba kidogo kwa upepo wake, na paa likanyamaza.

Alijua kabla hajatazama kioo.

Tangi lilikuwa hewani, limelala kwa ubavu, linaburuta leso. Lilipiga lami likadunda kuliko mtu angedhani tangi linaweza kudunda, gari la Njau likalikwepa, likadunda tena kuelekea kando ya barabara. Huko kulikuwa na mtu wa bodaboda anarudi stejini baada ya kushusha abiria, helmeti ameitundika kwenye mkono kama wanavyofanya wengi wao. Hakuwa na pa kwenda. Tangi halikumponda, jepesi vile lingemponda nini. Lilimgonga kifuani likamng'oa kwenye pikipiki, na kichwa chake kikakutana na ukingo wa mtaro.

Zacharia alimfikia wa kwanza. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, macho wazi, anapumua kwa kukoroma. Zacharia alipiga magoti akamwambia, "Kaka, kaka, uko sawa," maneno ya kipumbavu, maana alikuwa anaona kwa macho yake kwamba hayuko sawa. Nyuma yake nyimbo zilikuwa zimekatika.

Watu wa bodaboda hufika kabla ya polisi, kila mara. Sijui huambiana vipi. Walitoka stejini, wakatoka kwenye njia za ndani, na punde walikuwa wengi kuliko wageni wa ruracio. Mmoja alilia alipomtambua mwenzake: "Ni Musyimi. Woi, ni Musyimi." Wengine hawakulia. Walitazama tangi ndani ya mtaro, wakatazama keria tupu, wakawatazama wanawake waliovaa sare, na mawe yakaanza kuokotwa.

"Nani alifunga hii kitu?" mmoja akauliza. Alikuwa mrefu, na jiwe lilikuwa limejaa kiganja chake. "Nauliza kwa uzuri. Nani alifunga?"

Akina mama wote walikuwa wamesimama pamoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Magdalene alikuwa mbali nao kidogo, barabarani, ameinama. Alikuwa anaokota leso. Moja alikuwa ameshaikunja begani na nyingine alikuwa anaikung'uta vumbi.

"Ni mimi," Zacharia akasema. "Gari ni yangu. Ni mimi nilifunga."

Magdalene aliinua kichwa. Walitazamana, mama na mwana, na Zacharia aliona kwamba amesikia vizuri kabisa. Kisha akainama tena kuokota leso ya tatu.

Yule mrefu alimpiga kofi, wengine wakamshika shati, lakini mmoja wao mwenye akili alipiga kelele kwamba Musyimi bado anapumua, wapige mtu baadaye. Wakashusha unga, soda na mablanketi kando ya barabara, wakalaza viti, wakamwingiza Musyimi ndani ya Probox. Wenzake wawili wakaketi naye. Polisi wa barabarani, aliyekuwa amefika sasa, akaketi mbele alipokuwa ameketi Magdalene, akauliza swali lile lile la jiwe kwa sauti ya kiserikali. Zacharia akajibu jibu lile lile, nalo likaandikwa.

Alipokuwa anawasha gari alimsikia Njau akiwaambia wazee kwamba wakwe hawawezi kuachwa hivi, watu wamepika, na kwamba mmoja wa familia ameenda na mgonjwa, hiyo inatosha. Na tangi je, mtu akauliza. Tangi halikuwa na kitu. Lilikuwa limechubuka upande mmoja tu. Wakalitoa mtaroni, wakalifuta, wakalilaza juu ya pikapu ya jamaa mmoja, na Njau mwenyewe akalifunga kwa mikanda ya Zacharia iliyoachwa pamoja na unga. Alilifunga vizuri sana.

Musyimi alikufa Thika hospitalini alasiri, hajasema neno. Zacharia alikuwa kwenye benchi la nje na polisi wake, damu ya mtu imemkauka kwenye shati la sherehe, simu ilipolia kidogo mfukoni. Kwenye grupu ya familia mtu alikuwa ametuma picha za lango la Landless. Akina mama wanaimba. Mama yake yuko mbele, mikono juu, mdomo wazi, leso kiunoni. Alimtazama kwa muda mrefu. Alijiambia kwamba huyo ni mtu anayejikaza mbele ya wakwe, kwamba moyoni analia, kwamba jioni atakuja kituoni. Jioni video za Becky za pale Juja zilikuwa zimefutwa kwenye grupu, bila mtu kusema amezifuta, na aliyekuja kituoni alikuwa Becky na sufuria ya wali.

"Mami amechoka," Becky akasema. "Presha yake imepanda. Amesema anakuombea."

Alitoka kwa dhamana Jumatatu. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, na kesi ikapangiwa siku ya mbele huko Thika. Gari lilibaki kituoni likiliwa na jua. Duka la Ruiru likapata mtu mwingine wa kupeleka matangi, na ungemlaumu nani? Nani atampa mzigo mtu anayejulikana mpaka Kahawa Sukari kwamba mzigo wake uliua mtu?

Lakini hayo aliyavumilia. Kitu kimoja tu ndicho alichokingoja, nacho hakikuwa kikubwa. Hakutaka mama yake aende polisi. Hakutaka atajwe popote. Angefungwa kwa ajili yake kama ingebidi, kwani mwisho wa yote si yeye aliyekanyaga mafuta huku anajua? Nusu ya dhambi ile ilikuwa yake, na usiku aliujua uzito wake. Alitaka tu siku moja, wakiwa wawili jikoni, mama yake amwambie kwa mdomo wake: najua ulichonifanyia. Basi. Na dhambi ile wangeibeba wawili.

Alijaribu kumsaidia afike hapo. Jumapili moja alimkuta peke yake anachambua mchele.

"Mami, ile siku pale Juja."

"Hiyo siku usinikumbushe," Magdalene akasema upesi. "Presha."

"Nataka tu tuongee kidogo."

"Nimeiweka kwa maombi, Zacha. Na wewe iweke kwa maombi."

Kumbe maombi yana kazi nyingi. Kwenye kikundi chake cha kanisa Magdalene alikuwa anaomba kila juma kwa ajili ya mwanawe, na mtu hawezi kuombea jambo bila kulieleza. Alianza kwa kusema kijana wangu alipatwa na ajali. Baadaye ikawa kijana wangu alifanya makosa. Wenzake waliokuwapo Juja walikuwa kwenye kikundi hicho hicho, nao waliitikia amina. Becky ndiye aliyemletea Zacharia habari hizo, kwa aibu, anatazama chini. Zacharia alimwambia mama yao ni mgonjwa, watu wagonjwa husema mambo. Alimtetea hivyo, na alikuwa bado anangoja.

Siku ya kesi ilipokaribia, Njau akasema haifai kufika kortini kabla ya kufika kwa mke wa marehemu. Lazima familia iende, ikae chini, iombe msamaha. Wakaenda watatu: Njau, Magdalene na Zacharia, wamebeba shopingi ya unga na mafuta ya kupikia. Mjane aliitwa Mbithe. Alikuwa anakaa Witeithie kwenye chumba kimoja kwenye ploti ya mabati, na aliwapokea vizuri kuliko walivyostahili. Aliazima viti kwa jirani. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, na wakati Njau anazungumza maneno yake marefu ya wazee alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Njau alipomaliza, Mbithe akamgeukia Zacharia.

"Mimi sina maneno mingi," akasema. "Korti itafanya yake. Kuna kitu moja tu nataka kujua, kwa sababu hainiachangi nilale. Ulikuwa umefunga na nini?"

Zacharia alimtazama mama yake. Magdalene alikuwa ameketi kando yake, kitambaa cha mkono kwenye macho. Sasa, alijiambia. Hapa hakuna polisi, hakuna mawe, kuna huyu mwanamke peke yake, naye amestahili kujua. Alingoja, kisha akaona haya kumngojesha mwenye nyumba.

"Na leso," akasema.

"Leso." Mbithe alilirudia neno kama ambaye hajalielewa. "Niliambiwa kazi yako ni kubeba tangi."

"Ndio kazi yangu."

"Na ukafunga na leso?"

Njau akakohoa. Mlango ulikuwa wazi, na huko nje jirani alikuwa anafua nguo.

"Nilimwambia," Magdalene akasema.

Alikuwa ameondoa kitambaa. Machozi yalikuwa yanamshuka, ya kweli.

"Nilimwambia huyu mtoto. Asubuhi kabla tutoke nilisimama hapo chini nikamwambia, Zacha, kaza hiyo tangi, itaangukia watoto wa watu. Nikamwambia weka mikanda. Lakini mtoto akishakuwa mkubwa hasikii. Mbithe, nisamehee mtoto wangu. Ni mimi nilimzaa. Msamehe."

Zacharia alikuwa amewaona waongo wengi, madereva hukutana nao kila siku, na alimchunguza mama yake usoni akitafuta mahali pa kushika. Hakupapata. Hakuwa anadanganya. Mahali fulani kati ya wiki moja ya maombi na nyingine alikuwa ameshashuka kutoka kwenye ile kreti ya soda, akarudi Kiuu asubuhi, akasimama chini ya gari akamsihi mwanawe aweke mikanda. Alikuwa anakumbuka hivyo. Hakukuwa na kitu cha kungoja tena, kwa sababu yule aliyekuwa anamngoja hakuwapo.

Mbithe alimtazama Magdalene kwa huruma. Kisha akamtazama Zacharia, na huruma ikamtoka usoni.

"Ni ukweli? Mama yako alikuambia?"

Njau alikuwa ameinamia viatu vyake. Alikuwapo Juja. Aliliona tangi likiwa limesimama, aliziona leso, tena ndiye aliyemulika taa. Zacharia alihesabu watu wanaoujua ukweli ndani ya chumba kile akaona ni yeye na huyu mzee tu, na mzee alikuwa amemaliza maneno yake.

"Aliniambia," Zacharia akasema.

Mbithe akatikisa kichwa polepole. Nje maji ya nguo yalimwagwa.

"Ungemskiza mama yako," akasema. "Musyimi angekuwa hai."

"Ndio," Zacharia akajibu.

Magdalene akajifuta macho. Akanyoosha mkono wake wa kulia akampapasa mwanawe mgongoni, taratibu, juu na chini, vile mama humtuliza mtoto aliyekosa mbele za watu na anayempenda hata hivyo. Mkono ulikuwa na joto. Ndipo Zacharia alipomchukia, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na alikaa akapapaswa mpaka chai ikaletwa.